Jino la Dada Lililogoma Kung'oka

Nilimwonea dada yangu wivu kwa sababu ya uvimbe wa taya. Naiweka sentensi hiyo mwanzoni kwa kuwa najijua: nikiiweka katikati nitaizungushia maelezo mpaka isionekane, na nikiiacha mwisho sitaifikia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeikana. Mara ya mwisho kuikana ilikuwa kwenye harusi ya binti yake. Niliombwa kusema machache kama mama mdogo wa bibi harusi, nikasimama na glasi ya soda mkononi, nikasimulia jinsi nilivyomwokoa mama yake tulipokuwa wadogo kwa ujasiri wa kusema kweli mbele ya wakubwa. Watu walipiga makofi. Dada, aliyekaa meza ya mbele, hakupiga. Aliegemeza shavu la kushoto kwenye kiganja, shavu lile lile, akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Siku ile sikuwa jasiri. Nilikuwa na wivu, na wivu ndio ulionifungua mdomo. Kwamba mdomo huo ulitoa neno lenye faida ni bahati ya dada, si sifa yangu. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala magazetini kuwahimiza wenzangu wawe wakweli, na moja ya makala hizo, Mungu anisamehe, ilikitumia kisa hiki kuwa mfano.

Tulikaa Magamba, juu ya Lushoto, pale msitu wa serikali unapokoma na mashamba ya watu kuanza. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alipasua mbao kwenye kambi ya msitu, na jioni akirudi nguo zake zilinukia mkulo, mti ule wenye harufu ya kafuri, hata mama akawa anasema hana haja ya dawa ya nondo maana ana mume. Nyumbani tulikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, dada, na mimi niliyemfuata kwa miaka miwili. Bibi alikuwa Mkristo siku ya Jumapili. Siku nyingine sita alikuwa Mshambaa. Baba ndiye aliyeitwa mwenye nyumba, lakini hata yeye alimwomba bibi ruhusa kuhamisha kigoda.

Kabla ya uvimbe nilimwonea dada wivu kwa uzuri wake. Alikuwa na shingo ndefu, sauti ya kuongoza kwaya ya watoto, na uwezo wa kuteremka njia ya utelezi na mtungi kichwani bila kumwaga tone. Mimi nilikuwa mfupi, mzito wa mguu, na kuhusu sauti yangu mwalimu wa kwaya alisema itafaa sana kwa kusoma. Alinishinda kwa kila kitu, tena bila kujua kwamba tunashindana, na hilo liliniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Nilimshinda kwa jambo moja tu: meno. Kwetu jino la utoto likitoka hutupwa juu ya paa, na mtoto huliomba paa limpe jipya lililo bora. Mimi nilianza kung'oka meno mapema na nilihesabu. Nilipotupa la ishirini, ambalo ndilo la mwisho katika yale ya utotoni, dada alikuwa amekwama kwenye la kumi na tisa. Chonge yake ya chini, upande wa kushoto, iligoma. Ilibaki pale, ndogo, nyeupe kama maziwa, katikati ya meno ya mtu mzima, kama mtoto aliyesahauliwa kwenye mkutano wa wazee. Nilimkumbusha kila nilipopata nafasi.

"Ishirini," nilimwambia siku moja tukichota maji.

"Ishirini nini?"

"Wewe kumi na tisa."

"Kaa hapo uhesabu meno," alisema akijitwika mtungi. "Wenzio tunahesabu wachumba."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa na mchumba hata wa kusingizia, lakini alijua pa kunichoma.

Kisha shavu lake likaanza. Mwanzoni ulidhani ameweka pichi changa mdomoni akasahau kuitafuna. Bibi alilikanda kwa majani yaliyopashwa moto, mama akampa maji ya chumvi asukutue, na baba, ambaye kwake kila ugonjwa ulitokana na kutembea peku kwenye umande, akamnunulia viatu. Shavu halikusikia la yeyote kati yao. Liliendelea kukua polepole, gumu kama gogo, na halikuuma hata kidogo. Hilo la kutouma ndilo lililowanyima wakubwa raha. Jino bovu huuma. Kila mtu analijua jino bovu. Hiki kilikuwa kitu kinachokua kimya kimya ndani ya mfupa wa mtoto. Baada ya msimu mmoja wa maharage, uso wake ulikuwa umepinda upande.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba uzuri haukuwa kitu, mali ni ugonjwa. Mayai, ambayo sisi tuliyafahamu kama vitu vinavyoondoka nyumbani kwenda sokoni Lushoto, sasa yalichemshwa moja moja na kupelekwa kwa dada. Aliachishwa kubeba kuni. Aliachishwa kukata majani ya ng'ombe. Alihamishiwa karibu na moto na kupewa blanketi la baba, na kule kwetu kwenye ukungu, blanketi la baba ni kama kiti cha chifu. Wageni walioingia waliuliza mgonjwa yuko wapi huku wakinipita mlangoni kama nguzo. Hata yule mwalimu wa kwaya alikuja na pakiti ya biskuti, akaniuliza mimi kama naendelea vizuri na kusoma. Nilikuwa nimemwonea dada wivu kwa kuwa mzuri, na sasa nikamwonea wivu kwa kuharibika uzuri. Utaona kwamba nilikuwa mtu wa kujitahidi.

Alasiri moja nilichukua plamu mbichi, nikaiweka shavuni, nikaketi upande wa pili wa moto na kushika kidevu. Nilikaa hivyo kwa subira kubwa. Mama aliingia, akanitazama, akasema niteme tunda nikachanje kuni. Aliondoka bila hata kukasirika. Dada alikuwa ameona yote kutoka ndani ya blanketi.

"Unautaka?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Huu." Aligusa shavu. "Chukua. Nakupa na yai lake."

Nilikuwa naliangalia yai.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kizazi cha wanangu hulisikia kama hadithi za majini, lakini lilikuwa limekaa nyumbani kwetu kama mtu wa sita. Zamani, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego. Kigego alikuwa mkosi. Iliaminika kwamba jino lake likikomaa juu, mtu wa ukoo atakufa chini, na katika siku za mababu, zile za enzi za Vuga, mji wa wafalme wetu, mtoto huyo hakuachwa akue. Wakati wetu serikali na kanisa walikuwa wamekwisha kukomesha kuua, ila hawakuwa wamekomesha kunong'ona. Binti akijulikana kuwa kigego, watoto wa wenzake hawali naye, na mchumba akifika bondeni hugeuka na mahari yake.

Ndiyo sababu kwetu meno ya kwanza ya mtoto yalikuwa na mashahidi. Lile la chini likichomoza, wanawake wa jirani waliitwa, wakaligonga kwa kijiko lilie, wakapiga vigelegele, wakala. Dada naye aligongewa kijiko. Lakini mwaka huo huo wa uvimbe, nikiwa nimeinama nyuma ya maharage, niliwasikia mama na bibi wakizozana. Mama alisema labda ni malipo ya uongo ule. Bibi alimwambia anyamaze, akauliza kama alitaka mwanawe atupwe bondeni. Kumbe meno ya dada yalianzia juu. Bibi alimfunika kwa nguo mgongoni, akatangaza mtoto ana homa ya upepo na haonekani na watu, akamficha hivyo wiki kwa wiki mpaka ya chini yalipotoka. Ndipo akaita wanawake na vijiko vyao.

Nilijifunza pia, nyuma ya maharage yale, kwa nini dada alikatazwa kucheka mbele ya wageni. Ile chonge ya utotoni iliyogoma, machoni pa bibi, ilikuwa mkia wa jambo lile lile. Atakayeiona atauliza habari ya meno, na atakayeuliza habari ya meno atafika mwanzo wake.

Baba ndiye aliyeamua tuende hospitali ya misheni, ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku. Mama alikwenda kwa kuwa ni mama, bibi kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia, na mimi kwa sababu ya kikapu. Kilikuwa na viazi, chungu, na ndizi za njiani, na kwa kuwa mgonjwa habebi, nilikibeba kupanda na kushuka nikimtazama dada mbele yangu akitembea na viatu vyake vipya, mikono mitupu, kama Bibi wa Boma, mke wa mkuu wa wilaya.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, kisicho na kosa wala utani. Pembeni yake alisimama dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda na kutafsiri Kishambaa, Mshambaa mwenzetu kutoka Mlalo. Tulimwamkia daktari shikamoo, akaitikia vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo nimelikumbuka kuliko mengi niliyofundishwa na maprofesa. Aliinama, akaushika uso wa dada kwa mikono yake yote miwili. Aliugeuza taratibu kuelekea dirishani, akabonyeza huku na huku kwa vidole gumba, akauliza kama inauma, akasubiri jibu. Hakuna mtu aliyewahi kuushika uso wangu kwa mikono miwili. Mama alinishika sikio, tena mara nyingi, lakini si uso. Nilisimama na kikapu changu.

Walimpiga picha ya eksirei kwa mashine iliyonguruma kama kinu cha mahindi. Picha ilipokauka daktari aliiinua dirishani na kutuonyesha sote, hata bibi. Taya la kulia lilionekana. Pale la kushoto lilipopaswa kuwa kulikuwa na wingu jeupe.

Alieleza bila haraka, na dresa akamfuatia kwa Kishambaa. Alisema ndani ya taya kuna kitu kigumu, kigumu kama mfupa. Upo uvimbe mbaya unaojijengea mfupa, na huo hausubiri mtu. Ukiwa ndio huu, atampeleka Dar es Salaam wakate nusu ya taya, na hata hivyo hawezi kuahidi uhai. Upo pia uvimbe mpole, wa nadra, ambao yeye ameuona mara chache sana, unaotokana na jino lililopotea njia wakati wa kuota. Huo haumuui mtu. Hufunguliwa kupitia ndani ya mdomo, hutolewa, na uso hubaki. Kwa mashine hii yake kuukuu yote miwili ni wingu. Kwa hiyo alitaka kusaidiwa na wanaomjua mtoto.

"Meno yake yaliotaje?" aliuliza. "Kuna lililochelewa? Lililokosekana? Lililokataa kutoka?"

Dresa alitafsiri. Mama alitazama sakafu. Bibi alijinyoosha.

"Yaliota kama ya watu," alisema. "Ya chini, kisha ya juu. Yalitoka yote, yakaota mengine. Waulize majirani, waligonga kijiko."

Daktari akamwomba dada afungue mdomo. Dada alifungua kidogo sana, kama alivyofundishwa, akiwa amevuta mdomo wa chini kufunika meno, na uvimbe wenyewe ulisaidia kuficha. Daktari alichungulia, akapapasa fizi, akanyooka. Nilimwona amechoka. Alimwambia dresa aandae barua ya Dar es Salaam, kisha akageuka, akaweka kiganja kichwani pa dada na kukiacha pale.

Ningependa kuandika kwamba wakati huo niliona hatari iliyomkabili. Hatari niliisikia kwa sikio kama wengine. Lakini nilichoona ni kile kiganja. Niliona pia safari: basi la kushuka Mombo, treni mpaka Tanga, meli mpaka Dar es Salaam, yote ya kwake, na mimi nikirudi Magamba na kikapu. Na kitu kingine kidogo, cha aibu zaidi. Bibi alikuwa amesema meno yote ya dada yalitoka. Alikuwa amempa la ishirini. Ushindi wangu pekee duniani ulikuwa umefutwa mbele ya Mzungu.

"Si yote," nilisema. "Mimi ndiye nimemaliza. Yeye bado ana moja la kitoto, hapa." Nilijishika mahali penyewe. Na kwa kuwa wote sasa walikuwa wakinitazama mimi, na kutazamwa kulikuwa kutamu, niliendelea. "Na yalianzia juu. Bibi alimficha."

Nililisema kwa Kishambaa. Dresa hakutafsiri. Yeye naye alikuwa mtu wa kwetu, alijua neno hilo linaweza kumfanya nini msichana, na macho yake yaliniambia nilikuwa mtoto wa namna gani. Daktari alimtazama dresa, akanitazama mimi, akasema, "Rudia kwa Kiswahili." Nikarudia. Nilirudia yote mawili, polepole, kwa ile sauti yangu ya kusoma.

"Huyu ni mwongo tangu tumboni," alisema bibi.

Hapo mama akainua kichwa. Alikuwa mkwe katika nyumba ile kwa miaka kumi na mitano na sikuwahi kumsikia akimpinga bibi mbele ya watu.

"Ni kweli, mama," alimwambia bibi. Kisha akamgeukia dada. "Mwonyeshe, mwanangu."

Dada alifungua mdomo wote. Daktari alichukua chuma chembamba, akagonga ile chonge ndogo, na ikatoa mlio mwembamba, kama meno yake ya kwanza yalivyowalilia wale wenye vijiko. Aliigusa, akaitikisa, haikutikisika. Aliuliza ile ya ukubwa iko wapi. Hakuna aliyejua. Haikuwahi kuonekana. Ndipo akairudia picha, akalitazama wingu kwa muda mrefu na pua yake karibu na dirisha. Alisema habari ya juu na chini haimsaidii kitu, watoto wengi huota hivyo duniani kote, hata kwao, na wanakuwa wachungaji. Bibi alipotafsiriwa hilo aligeuza uso ukutani. Lakini jino la utoto ambalo halikung'oka, na mrithi wake asiyeonekana, na uvimbe umekaa juu ya mahali pale pale, hilo, alisema, linambadilishia safari. Asingempeleka Dar es Salaam kukatwa. Angempeleka Tanga kwanza, kwenye mashine nzuri, wafungue kidogo kupitia mdomoni, watoe kilichomo na kukipeleka maabara ya Dar es Salaam kutazamwa kwa darubini. Wakijibu vibaya, tutajua. Mpaka wajibu, hatasema neno.

Nilidhani atanishika uso. Alinipapasa begani, akaenda kunawa mikono.

Dada aliondoka na mama kwenda Tanga. Mimi na bibi tulirudi Magamba, na njia nzima hakunisemesha. Tulipofika kisimani tu ndipo aliposema, bila kugeuka, kwamba dada akifa ataitwa kigego kaburini, na akipona ataitwa kigego mlangoni, na vyote viwili nimevifanya mimi kwa mdomo. Sijawahi kupata maksi zilizotolewa kwa haki zaidi.

Kusubiri huko kulikuwa na ukatili wake mdogo. Nilipika, nilichota maji, nilikata majani ya ng'ombe. Sasa mimi ndiye niliyekuwa msichana wa pekee nyumbani, jambo nililokuwa nimeliota, na hakuna aliyeniona. Wageni walikuja kumuulizia dada ambaye hayupo. Baba alikuwa akisimama mlangoni akitazama njia ya Lushoto. Tulipata salamu kupitia dereva wa basi kwamba dada amekwisha kupasuliwa, kwamba anakunywa uji, kwamba vitu vimepelekwa Dar es Salaam. Hakusema vitu gani. Asubuhi moja bibi alichemsha yai, akaliweka mbele yangu kwenye kibakuli cha dada.

"Kula," alisema. "Si ulilitaka."

Nililila. Nimeahidi kutodanganya: lilikuwa tamu. Lakini katikati yake nilikumbuka uso wa dada ndani ya blanketi akinipa uvimbe na yai, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa akinitania. Alikuwa akiniomba. Nilimaliza kulila huku nalia, na bibi hakunizuia wala kunibembeleza. Alichukua kibakuli akakiosha.

Simu ilikuwa moja tu Magamba nzima, kwenye ofisi ya Bwana Miti, yule Mwingereza mkubwa wa msitu. Ilining'inia ukutani, nyeusi, na mkono wa kuzungusha ubavuni. Tulipita chini ya waya wake kila siku kwenda shule, na dada alikuwa akisema ukiweka sikio kwenye nguzo utawasikia Wazungu wakiagiziana siagi. Mchana mmoja tarishi wa ofisi alikuja mbio shambani kwetu, ambako baba alikuwa akipasua gogo la kuni, kumwita, Tanga wanapiga. Baba aliacha msumeno ndani ya gogo. Nilimfuata, na nyuma yangu, kwa mwendo ambao sikujua bado anao, alikuja bibi.

Bibi hakukubali kuingia. Alisimama nje chini ya dirisha, mkono kwenye ukuta wa mbao. Baba alivua kofia, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaipa shikamoo.

Tulisikia upande wake tu. Alisema ndiyo, bwana. Alisema ndiyo tena. Kisha alianza kurudia kila neno kwa sauti kubwa, kwa ajili ya dirisha. Alisema Dar es Salaam wamejibu. Alisema wametazama kwa darubini. Alisema si ule mbaya. Alisikiliza, akasema, "Meno?" Akasikiliza tena. "Meno, bwana? Ndani?" Paji lake la uso lilikunjamana kama mtu aliyeulizwa hesabu. Lile wingu, alituambia akiwa bado ameishika simu, lilikuwa meno. Jino lililopotea njia lilikuwa limejivunja kuwa meno madogo madogo, mfuko mzima, yamejibana ndani ya taya kama punje kwenye bunzi. Yametolewa yote, na chonge iliyogoma pia. Hayarudi. Nusu ya taya haikatwi, wala robo. Nje ya dirisha nilisikia kitu kikikwaruza ukuta wa mbao. Alikuwa bibi, anaketi chini.

"Anakutaka wewe," baba akasema, na kunikabidhi.

Simu ilikuwa na joto la sikio lake na harufu ya mkulo. Ndani yake kulikuwa na mvumo, na ndani ya mvumo, mtu anayeongea kwa mdomo uliojaa pamba. Nilimwamkia shikamoo, dada, kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata kwangu nyumbani.

"Marahaba. Bibi yupo?"

"Yupo nje. Amekaa chini."

"Mwambie meno ya chini yote yametoka."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa ya kuomba msamaha, mazuri, yenye Mungu ndani, na yote yalikimbia. Nikauliza kama inauma.

"Inauma," alisema. "Sikiliza. Uliniambia umetupa mangapi juu ya paa?"

"Ishirini."

"Daktari ameyahesabu haya kwenye sahani. Nimehesabu naye." Nilisikia akivuta pumzi kupitia pamba, na nikamwona, hivi hivi ninavyokuona wewe msomaji, akitabasamu kwa upande mmoja huko Tanga. "Ishirini na sita. Ongeza kumi na tisa yangu ya zamani, na lile la kitoto."

Nilianza kujumlisha. Wivu ukanipanda kutoka miguuni, mzima kabisa, kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

"Umemaliza kuhesabu?" dada aliuliza.

Na laini ikakatika.